Wenza wa Kamongo

Mkwewe Limi alipochukuliwa na kaka zake kurudi kwao, jicho la kushoto limefungwa bandeji, Theodosia alimaliza kufuta meza za hoteli yake, akaenda kutazama tangi la samaki. Humo akamkuta kambale amekufa. Alikuwa ameelea tumbo juu, pezi moja halipo na ubavu umetobolewa. Chini, kwenye pango la mawe, kamongo alikuwa amejilaza tuli, macho wazi, hana habari na mtu.

"Na huyu pia," alisema Odeta, mpishi wake, akasogea na ndoo bila kuitwa. "Mama, huyu kamongo angekuwa wangu, angeshakuwa kitoweo zamani."

"Chunga mdomo wako, Odeta."

"Nauchunga. Si unaona hata hao kaka zake Limi sikuwaambia kitu?"

Theodosia akajitia hamnazo. Kaka zake Limi alikuwa amewaambia kwamba dada yao aliteleza bafuni, na alilisema hilo kwa huruma hata mmoja wao akakaribia kuamini. Wengine wawili walikuwa na fimbo za kuchungia ng'ombe mkononi. Hawakumtafuta Juvenali, mume wa Limi. Waliangalia huku na huku, wakatema mate mlangoni, wakaondoka na mtu wao.

Hoteli ilikuwa Biharamulo mjini, hatua chache kutoka stendi, na watu waliijia kwa ndizi za nyama na chai ya maziwa, halafu wakabaki kutazama tangi. Lilikuwa tangi refu la kioo, alilotengenezesha kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu baada ya kuona la namna hiyo Mwanza na kulitamani. Mwanzoni lilikuwa na furu wadogo wa ziwani, wa rangi rangi, wala halikuwa na matatizo. Kisha kiangazi kimoja vibarua waliokuwa wakichimba udongo wa tofali bondeni wakamfukua kamongo aliyejizika kwenye tope kavu. Alikuwa hai, amejikunja ndani ya ganda lake akingoja mvua. Wakaanza kukusanya kuni.

Theodosia alikuwa anapita hapo akielekea shambani. Yeye mwenyewe kwa kuzaliwa hakuwa na neno na kamongo. Lakini kwa ukoo wa marehemu mumewe kamongo ni mwiko: hawamli, hawamuui, na akiingia mahali pao hawamfukuzi. Na Juvenali, mwanawe wa pekee, alikuwa damu ya ukoo huo. Basi akawapikia vibarua chakula kizuri kuliko hicho walichokuwa wakikisubiri, na kamongo akaingia mjini ndani ya ndoo.

Wateja wakambatiza jina la Mheshimiwa, maana alikuwa mnene, alipenda kulala mchana, na alikula bila kushukuru. Siku ya kwanza alimeza furu wote. Wateja walicheka sana siku hiyo.

Mtu mwingine angemwacha akae peke yake. Theodosia hakuweza. Tangi lenye samaki mmoja lilimkera kama vile ilivyomkera nyumba yenye mwanamume asiye na mke, na huko nyuma ya hoteli, kwenye nyumba ya uani, alikuwa naye mwanamume wa namna hiyo. Juvenali alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Kijana mtanashati, mwenye shikamoo nyingi, anayembebea mama mzigo mpaka mlangoni. Hakuwa mlevi. Angekuwa mlevi pombe ingesingiziwa, na mama yake angepata pa kushika. Yeye alipiga akiwa na akili zake timamu, mlango umefungwa, redio imefunguliwa sauti.

Mke wa kwanza, Priscila, alikuwa binti mdogo mwembamba wa kwaya, anayeongea kwa kunong'ona. Alipotoka alitoka alfajiri, taya limevunjika, na Theodosia aliwaambia majirani kwamba ana jino bovu. Huyo alikuwa mdogo mno, alijiambia. Furu hakai na kamongo. Ndipo akamtafuta Limi, binti wa Kisukuma mwenye mdomo na miguu ya kusimama, na karibu wakati uleule akamweka kambale kwenye tangi, mkubwa sawasawa na Mheshimiwa. Wote wawili walirudisha mapigo. Kambale aligombea pango, na Limi aligombea haki yake.

Kumbe ndivyo inavyokuwa, aliwaza sasa, huku Odeta akiondoka na ndoo. Mdogo anamezwa. Anayepigania sakafu moja naye anauawa. Anatakiwa mkubwa asiyeingia mdomoni, mpole, anayekaa juu na mambo yake na kumwachia mwenzake chini. Na akiingizwa, mawe yapangwe upya, mwenyeji asijue tena pango lake liko wapi. Na alishwe kwanza, kabla hajamwona mgeni.

Kwa hili la samaki alikuwa sahihi, hilo lazima tumpe. Alijifunza kwa kuua, lakini alijifunza. Aliagiza sato wawili wakubwa kutoka ziwani, vifua vipana kama sahani, akapanga mawe upya, akamshibisha Mheshimiwa kwa vipande vya nyama, kisha akawashusha wageni taratibu. Wiki zikapita. Sato walizunguka juu, kamongo akalala chini, akapanda mara mojamoja kuvuta hewa kama kawaida yake, akashuka. Wateja wakasema Mheshimiwa ameokoka.

Theodosia akavaa kitenge chake kizuri, akapanda gari la Ngara kwenda kumtafutia mwanawe sato.

Alimpata Bugarama, kwenye harusi ya binti wa rafiki yake. Nimpaye alikuwa amebeba sufuria la wali ambalo wengine walilibeba wawili wawili, na alikuwa anacheka. Mwili mkubwa, mabega ya jembe, sauti ya chini. Mtu akimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyesema pole. Theodosia alimtazama siku nzima, hata chakula hakukionja vizuri. Alipouliza, akaambiwa ni mtoto wa Hategekimana, mgane mmoja mkulima ambaye wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi na godoro kichwani. Hana kaka. Hana wajomba upande huu.

Na hapa ndipo napata shida kumsamehe, maana moyo wake ulipumua. Alikumbuka zile fimbo za kuchungia, na moyo ukapumua.

Hategekimana alikuwa na desturi ya kwao. Binti haozwi mpaka mkubwa wa nyumba aende kwa mchumba, ale chakula chao, na aulize kwa kinywa chake, na mwenye nyumba naye ajibu huku mgeni anakula. Kwao jibu linalotolewa mbele ya chakula ni kiapo. Kwa wengine kazi hiyo hufanywa na ami au shangazi. Yeye hakuwa na wa kumtuma, akaja mwenyewe, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Theodosia akamkalisha meza ya karibu na tangi. Odeta akaleta ndizi, nyama na maharage.

"Mama, mimi sina maneno mengi," alisema mzee baada ya tonge la kwanza. "Sisi ni watu wa kuja. Mtoto wangu akilia huku, hakuna wa kumsikia ila mimi, na mimi niko mbali. Ndiyo maana nakuuliza wewe, mzazi mwenzangu. Nimesikia kijana ameshaoa mara mbili. Wale wa kwanza walitokaje?"

Odeta alikuwa bado ameshika bakuli la mchuzi. Hakuliweka.

"Wa kwanza alikuwa mtoto, baba, hajui nyumba ni nini," alisema Theodosia. "Wa pili, Mungu anisamehe, alikuwa mgomvi. Mwanangu ana hasira kidogo, nani hana? Anataka mwanamke mtulivu tu." Kisha, kwa kuwa maneno yalikuwa yanamjia vizuri, akageuka kuonyesha tangi. "Mtazame huyu wa chini. Mji mzima unamwita mla wenzake. Mbona hao wawili wako salama? Ni kupata mwenza anayefaa."

Hategekimana alitazama sato wakipita juu ya kamongo, wakarudi, wakapita tena. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu, akavuta sahani, akala mpaka akamaliza. Odeta aliweka bakuli mezani kwa kishindo, mchuzi ukaruka, naye akaomba radhi.

Nimpaye akaja. Nyumba ya uani ikawa na kicheko kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mume wa Theodosia. Mkwe huyo aliamka kabla ya kuku, akafagia mpaka barabarani, akamenya ndizi pamoja na Odeta huku wakiwateta wateja. Alipenda kumsemesha kamongo kupitia kioo.

"Mama, huyu anarara saa ngapi? Kira nikipita ananitazama tu."

"Halali kama sisi. Usimgongee kioo, hapendi."

Theodosia alimpenda, na huo ndio ukweli wa kumtia mtu uchungu. Alimpenda, akamfundisha kuishi kama alivyowafundisha sato. Mlishe kabla hajauliza. Asipokusemesha usimsemeshe. Akiwa chumbani wewe kaa uani, akija uani ingia jikoni. Mara mbili alihamisha vitanda na makabati ya nyumba ile, akisema anafuata upepo. Nimpaye alibeba makabati bila kuuliza.

"Kwani asipolishwa anakuwaje?" aliuliza siku moja, akicheka.

"Mlishe tu, mwanangu."

Masika yalipoanza, sato mmoja alionekana ana pengo la magamba karibu na mkia. Kitu kidogo, kama kucha ya dole gumba. Theodosia akaongeza chakula cha Mheshimiwa. Wiki hiyohiyo Nimpaye alianza kuvaa sweta mchana, na alipoinua mkono kushusha sinia, Theodosia aliona. Akaangalia pembeni, na usiku akaenda kumsihi mwanawe.

"Juve, huyu usimguse. Nakuomba. Huyu ni mtu mzuri."

"Nimemgusa nani, mama?" alisema Juvenali kwa upole, akamvutia kiti akae.

Kisha akafa wifi yake Theodosia huko Nyabusozi. Msiba wa upande wa mume haukwepeki, na mkubwa kama yeye haondoki mpaka matanga yaanuliwe. Aliondoka akitoa maagizo kama mtu anayekwenda ng'ambo. Odeta amlishe Mheshimiwa asubuhi na jioni. Nimpaye amlishe Juvenali. Redio ya nyumbani alitaka kwenda nayo msibani, akaona watu watamshangaa, akaiacha.

Huko msibani umeme ulikatika, na mvua ikakata barabara. Alikaa na wenzake kwenye mkeka, simu imezimika, roho iko juu, akijiambia kwamba ni majonzi ya wifi.

Aliporudi alipitia hotelini kwanza. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Pampu ya tangi ilikuwa kimya na maji yametia ukungu. Sato mmoja hakuwepo, vilibaki vipande kwenye changarawe. Wa pili alikuwa anaogelea, kama huko ni kuogelea. Nusu ya nyuma ya mwili wake ilikuwa imeliwa, mfupa unaonekana, na mdomo wake ulikuwa juu ya maji ukitafuta hewa. Kamongo alipanda taratibu, akavuta hewa yake, akauma kidogo pale palipokuwa wazi, akashuka.

Hakuweza kummeza. Theodosia aliliona hilo. Hakuweza kummeza, basi alikuwa anamla akiwa hai, siku baada ya siku, na ule ukubwa wote ulichofanya ni kurefusha.

"Mama." Odeta alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kanga ameifunga kiunoni. "Kaa chini kwanza."

"Yuko wapi?"

"Hospitali walijitahidi. Amefariki leo alfajiri."

Theodosia hakukaa.

"Watu wa hospitali wanasema alipigwa siku nyingi," Odeta aliendelea, sauti haipandi wala haishuki. "Juzi alikuja hapa jikoni. Akaniuliza, 'Dada Odeta, hebu niambie, wale wa kwanza walitokaje?' Nikanyamaza, mama. Nikamwambia mama anarudi, utamuuliza yeye. Nilimwambia hivyo, na akarudi ndani kupika." Hapo ndipo sauti ilimkatika. "Nimefanya kazi kwako miaka yote kwa kunyamaza."

Stoo ya magunia ilikuwa nyuma ya jiko, na Theodosia alijua kabla hajafungua. Juvenali alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, shati safi, mikono magotini. Alisimama mama alipoingia, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika.

"Aliteleza bafuni," alisema Juvenali. "Sema hivyo. Wewe wanakuamini."

Alimtazama. Alitafuta usoni mwake yule mtoto aliyembeba mgongoni, na jambo baya ni kwamba alimwona, yuko palepale, hajaenda popote. Akatoka, akafunga mlango, akageuza kufuli na kubaki na ufunguo kiganjani. Alikuwa bado hajajua kama anamfungia au anamficha.

Ukumbini walikuwa wameshaingia watu wawili, askari mmoja na Hategekimana. Mzee alivaa lile shati lililopigwa pasi, sasa limekunjamana kwa safari. Hakumtazama Theodosia. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akasimama pale alipokuwa ameketi siku ile, akamtazama sato aliyebaki. Alitazama kwa muda mrefu, kama mara ya kwanza.

"Mama," alisema, bado ameelekea kwenye kioo, "siku ile nilikuuliza kitu, na nilikuwa nakula chakula chako."

"Uliniuliza, baba."

"Nakuuliza tena. Wale wa kwanza walitokaje?"

Neno la bafuni lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lilikuwa neno lililozoea njia, lingetoka lenyewe. Askari alikuwa anangoja, na alikuwa mteja, angeamini. Odeta alikuwa mlangoni na safari hii alikuwa anamkazia macho.

"Priscila alitoka taya limevunjika," alisema Theodosia. "Limi alitoka na jicho moja. Nilijua. Ulipokuwa unakula hapo nilikuwa najua, na binti yako nilimpenda, na nilimleta huku nikijua." Akanyoosha mkono wenye ufunguo kwa askari. "Yuko stoo, nyuma ya jiko."

Hategekimana alivua kofia, akaishika kifuani. Alishusha kiti kimoja kutoka mezani, akakikalia kama mtu aliyekatwa miguu, akalia kwa sauti, na hapakuwa na ndugu yake wa kumshika.

Juvenali alitolewa akiwa na pingu, bila fujo. Alipofika katikati ya ukumbi aliomba kusimama, na askari, kwa vile aliombwa kwa adabu, akamruhusu.

"Mama," alisema. Wala hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. "Mimi nilikuambia nataka mke siku gani? Wote uliniletea wewe."

Theodosia alipekua kumbukumbu zake. Alitafuta, nyumba ile yote, miaka yote, siku hata moja ambayo mwanawe alisema nitafutie. Haikuwepo. Mlango ulipofungwa, mzee alikuwa ameacha kulia na anamtazama, maana na yeye alikuwa amesikia.

Odeta alichukua ndoo. "Nimtoe huyu?" aliuliza, akionyesha sato.

"Niachie."

Alikunja mikono ya gauni lake la msibani, akazamisha mikono ndani ya tangi, karibu kabisa na kamongo, akamshika sato chini ya kifua, akamweka kwenye beseni la maji safi. Sato alilala ubavu. Theodosia akapiga magoti sakafuni mbele ya beseni, akaweka kiganja chini yake kumsimamisha wima, akamwachia. Akalala tena. Akamsimamisha.